Shada la Majirani

Mimi hufundisha bayolojia, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kiumbe hai anaishi ili aache mbegu yake duniani. Nalisema hilo bila kupepesa macho. Aliyekuja kunifunga mdomo ni mama aliyenilea Manzese.

Sikutoka tumboni mwake. Alikuwa mpangaji wa chumba kilichotazamana na chetu. Mama yangu mzazi alipofariki, yeye ndiye aliyenihamishia kwake, mimi na godoro langu, na hakuna ndugu hata mmoja aliyekuja kuuliza. Mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Mwaka jana alipougua ini nilimchukua nikakaa naye kwangu Boko. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu, imevimba hadi inang'aa, akaniuliza, "Hivi mwanangu, mie nilikuja duniani kufanya nini? Damu yangu si inaishia hapahapa?"

Mwalimu nikajitia kujua. Nikamweleza habari za nyuki vibarua: wao hawazai, ila wanawalea wadogo zao, kwa hiyo damu yao inaendelea kupitia kwa ndugu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa mie na wewe undugu wetu uko wapi?"

Niliendelea kukanda huku machozi yananitoka, na elimu yangu yote nikaiona upuuzi mtupu. Akanionea huruma. "Basi, usilie. Niletee uji." Uji wenyewe hakuumaliza.

Alifariki wiki hiyohiyo. Ndugu zake wakaja kutoka bara, wakauhamishia msiba Manzese, wakaushika wote. Makaburini, mwongoza ratiba akaanza kuita watu kuweka mashada. Wakaenda kaka na dada zake. Zamu ya watoto ilipofika, kaka yake mmoja akamnong'oneza mwongoza ratiba, naye akatangaza kwenye kipaza sauti, "Marehemu hakujaliwa watoto. Tunawaomba majirani."

Nilikuwa nimeshasogea mbele, shada mkononi. Nilitaka kupiga kelele. Ningewaambia nini? Sikuwa na tone la damu yake la kuwaonyesha. Nikarudi nyuma, nikapanga foleni na majirani.

Nilipokwisha kuweka shada, yule kaka yake alinishika mkono kwa upole. "Asante kwa kuja, binti. Mlikuwa mnakaa jirani?"

"Chumba kimoja, mjomba," nikamjibu.