Ngoma Kali

Mgeni akiniuliza aende wapi Mwanza, nilikuwa namjibu kama nimeulizwa habari za mwanangu. Sato wa kuchoma kule Igombe, ule kwa mkono, uma weka pembeni. Baa ya juu ya mawe, ukae upande wa ziwani. Bendi ya rumba siku ya Ijumaa, lakini uwahi, meza za mbele wanakaa wazee na wakishakaa hawaondoki.

Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli ndogo ya Ilemela, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Mama mwenye hoteli alishanionya kwamba mgeni mmoja tu akilalamikia mdomo wangu, nifungashe nirudi kwetu Magu. Nilikuwa najizuia kwelikweli.

Jumamosi moja wakashuka mke na mume kutoka Dar, wako fungate. Wamependeza! Mke kavaa viatu virefu vinavyong'aa. Mume akaegemea meza yangu akauliza, "Dada, hapa kwenu ngoma kali tunazipata wapi?"

Moyo uliniruka. Miezi miwili watu walikuwa wananiuliza habari za klabu tu, leo mtu wa Dar anauliza ngoma! Nikawaambia waende Bujora, kule Kisesa, tena leo hii saa nane, vikundi vinashindana. Nikawachorea ramani nyuma ya fomu yao ya wageni, nikawaitia teksi mwenyewe. Walitazamana kidogo. Mimi nikadhani ni furaha.

Mpishi wetu, mama wa Kijita mwenye ulimi mkali, alisikia yote kutoka jikoni.

"Umewatuma wapi?"

"Bujora, kwenye ngoma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama wee! Watu wa Dar ngoma kwao ni wimbo! Hao wametaka muziki wa spika. Umewahalibia safali!"

Nikaviona vile viatu kwenye vumbi. Nikamwona mama mwenye hoteli akinifungulia geti la kutokea. Namba yao ya simu ilikuwa imebaki kwenye ile fomu, na fomu walikuwa nayo wao. Nikamwomba mpishi anishikie meza, nikapanda bodaboda, na njia nzima mpaka Kisesa nikawa narudiarudia maneno ya kuomba radhi: samahani kaka, samahani dada, kosa ni langu, nitawapeleka mwenyewe mnakotaka.

Ngoma nilizisikia kabla ya kuuona uwanja. Kwetu Usukumani Wagika na Wagalu, zile pande mbili za ngoma zinazoshindana tangu enzi za mababu, hawachezi kwa zamu. Wanacheza wakati mmoja, hawa huku na hawa kule, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo watazamaji wanakimbia. Jembe likirushwa juu upande huu, watu wote huku. Chatu akitolewa upande ule, watu wote kule, vumbi tupu.

Yule mke nilimwona kwanza. Alikuwa peku mbele ya Wagalu, viatu vyake virefu amempakatisha bibi mmoja ambaye hata hamjui, anapiga vigelegele vya Dar, vyembamba, lakini vya nguvu.

"Dada!" akanidaka mkono kabla sijafungua mdomo. "Kesho wanacheza tena?"

"Wanacheza."

"Basi kesho hatuondoki! Nimeshamwambia mume wangu ampigie yule mama wa hoteli."

Nilitaka kulia pale pale. Lakini samahani yangu ilikuwa bado iko kooni, na nilitaka niimalize kwa wote wawili, kwa hiyo nikauliza mume yuko wapi. Akanyoosha kidole ng'ambo ya uwanja. Alikuwa katikati ya Wagika, shati limelowa jasho, anampungia mkewe mikono yote miwili ili avuke aende kwake.

Sasa kwetu sisi ni Wagalu. Baba Mgalu, babu Mgalu.

Nikavuka uwanja mbio mpaka nikamfikia. Aliinama anisikilize, maana ngoma zilikuwa zinapigwa masikioni kwetu.

"Unasemaje, dada?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa.

"Nasema hapa umesimama pabaya, kaka!" nikapiga kelele. "Hawa hawajui kitu! Njoo kule!"