Nyumba Isiyofuka Moshi

Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Sista ameniomba nisimame hapa mbele ya zahanati niwaeleze yaliyotupata nyumbani kwangu. Nilikataa mara mbili, maana ni aibu. Mara ya tatu mke wangu akaniambia, "Baba Klara, kelele zako zote huwa za kujisifu. Safari hii piga kelele za maana." Basi nimekuja.

Mimi ni mpishi. Nimewapikia wazungu hapa Sumbawanga tangu sijaota ndevu. Mkate, rosti, pudini, vyote navijua. Nyumbani tulikula kama mnavyokula ninyi: ugali wa ulezi, maharage, mboga za majani, na dagaa wa Kirando wakipatikana. Klara alikuwa na miaka saba, na Benedikto ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Wote wawili walikuwa na afya. Mgonjwa nilikuwa mimi. Tumbo lilikuwa likiniwaka hapa chini ya kifua. Nikila mafuta natapika maji machungu, na nikinywa pombe ndiyo kabisa silali.

Kisha nikapata bwana mpya, mzee mmoja mpima ardhi. Siku ya kwanza nikamuuliza, "Bwana, nikupikie nini?" Akasema, "Usinipikie kitu." Nikajua nimefukuzwa kazi kabla sijaanza. Kumbe mwenzangu hali kilichopita motoni. Nyama hali, maziwa hanywi, mayai hataki kuyaona. Anakula karoti, kabichi, matango, karanga mbichi na nafaka iliyolowekwa. Alisema moto unaua chakula. Na mzee huyo alipanda milima ya Mbizi huku wapagazi vijana wanahema nyuma yake! Nikamtazama yeye, nikalitazama tumbo langu, nikasema hii ndiyo dawa.

Nikala kama yeye mwezi mzima. Tumbo likatulia. Sisemi uongo, lilitulia kweli. Ila nilikuwa pia nimeacha pombe na yale mafuta ya kukombeleza kwenye sufuria za wazungu, na hilo sikulihesabu. Nikavimba kichwa.

Jumamosi moja nikarudi nyumbani mchana, nikachukua mtungi, nikamwagia maji mafiga. Majivu yakaruka. "Kuanzia leo hapa hakupikwi."

Mke wangu akasema, "Una wazimu? Na watoto?"

"Watoto ndio wa kwanza. Wakue bila sumu ya moto."

"Baba Klara, Benedikto hana hata magego!"

Nikafoka mpaka kuku wakakimbia. Mnanijua nikifoka. Akanyamaza, nami nikaona nimeshinda.

Watoto wakawa wanakula kimea, ule ulezi uliochipuzwa ambao wanawake hutengenezea pombe. Nilitaka utwangwe na kukorogwa na maji baridi. Wakapewa kabichi mbichi, karanga mbichi, na papai likipanda kutoka bondeni Mtowisa. Maharage yaliyolowekwa tuliyajaribu siku moja, tukatapika wote mpaka nyongo. Maharage nikayaacha. Mengine nikakaza.

Asubuhi moja jirani yetu Mama Skola alikuja na kigae mkononi, kama ilivyo kawaida yetu mtu moto wake ukizimika. "Hodi! Naomba kaa la moto." Nikamwambia hapa hakuna moto. Akacheka, akidhani ni utani. Alipochungulia na kuona mafiga baridi, majivu yameganda kwa maji, akashika mdomo. "Jamani, kuna nini humu?"

"Kaombe kwa wajinga wenzako," nikamjibu. Ningekuwa Mwislamu kama jirani zetu wa dukani, ningesema astaghafiru. Mimi nasema Mungu anisamehe.

Ulikuwa wakati wa baridi, upepo ule wa Ufipa unaopenya blanketi. Benedikto alianza kuharisha. Choo chake kilikuwa maji, na ulezi ukatoka kama ulivyoingia. Kisha akaacha kucheza. Ukimkalisha hapa, jioni unamkuta hapo hapo. Kisha mashavu yakajaa na miguu ikajaa, na mimi mjinga nikasema, "Mnaona? Ananenepa!" Mama yake akamshika mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akautoa. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili.

Nywele zikageuka rangi ya ndevu za mahindi, ukizigusa zinabaki mkononi. Ngozi ya mapaja ikababuka, chini pakawa pekundu. Alilia, lakini sauti haikutoka.

"Tumpeleke zahanati," mke wangu akalia. "Mtoto anakufa huyu!"

"Mtazame Klara," nikasema. "Wanakula sahani moja. Kama chakula ni kibaya, mbona Klara anaruka kamba? Huyu ana minyoo, itapita." Na kweli Klara alikuwa ananawiri. Nilimwita mbele ya wageni, nikawaonyesha mikono yake iliyojaa. Mtoto alikuwa akiinamisha kichwa, nami nikadhani ni adabu. Kwa ajili ya ushahidi wa Klara nikachelewa wiki tatu. Wiki tatu, wazazi wenzangu.

Kisha mama mkwe akaja. Yeye anakaa ng'ambo ya kijito, na hafiki kwangu bila jambo. Alisimama uani amemshika Klara mkono. Nikachuchumaa, nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitika.

"Baba Klara," akasema, "huyu mtoto anakula kwangu kila siku. Akienda kuteka maji, anapitia kwangu. Nampa ugali na dagaa na maziwa ya mbuzi. Alinisihi nisiseme, anaogopa utampiga. Leo amekuja analia. Ameniambia, 'Bibi, Benedikto hawezi kutembea mpaka huku.'"

Nikainuka, nikamtazama mtoto. Klara alikuwa amejificha nyuma ya nguo ya bibi yake.

Nilimbeba Benedikto mwenyewe mpaka hapa zahanati. Dresa wetu anayetibu hapa alimbonyeza mguu, akamfunua jicho. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Amerogwa?"

"Nani amroge? Huyu ana njaa."

"Anakula lakini!"

"Anakula nini?" Nikamweleza yote, na bwana wangu, na milima ya Mbizi. Dresa akaniuliza, "Na huyo mzee wako hapokei kitu kutoka pwani?" Nikakumbuka. Kila mara lilikuwa likiletwa kasha la lozi, tende na zabibu kavu. Mimi niliona ni peremende zake tu. Dresa akatikisa kichwa. "Yeye ana meno yote, amekwisha kukua, na ana kasha lake. Wewe umemtwika mtoto safari ya mtu mzima."

Tulilazwa. Walimpa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, akatapika, wakampa tena. Siku mbili hakufumbua macho. Nilikaa chini karibu na kitanda nikihesabu pumzi zake, na pumzi ikichelewa na mimi nilikuwa naacha kupumua. Siku ya nne akaanza kukojoa, akakojoa, uvimbe wote ukashuka, akabaki mifupa mitupu. Nikapiga yowe kwamba anakwisha. Dresa akasema, "Tulia. Yale yalikuwa maji. Sasa ndiyo unamwona mwanao alivyo." Sitaki kueleza nilichokiona.

Siku ya kuruhusiwa, Sista akauliza nyumbani tuna nini. Mke wangu akasema kwa hasira, "Kimea! Tuna kimea tele." Sista akasema tusikitupe. Tupike uji mzito wa ulezi, tutie kijiko kimoja cha unga wa kimea, uji utalegea, tuuchemshe tena. Hapo mtoto atakunywa mwingi bila kuchoka. Tutie na karanga na dagaa waliotwangwa. Kimea ni kile kile nilichomlisha kibichi.

Lakini moto tungeupata wapi? Nikachukua kigae, nikaenda kwa Mama Skola. Ilikuwa saa sita mchana, wanawake wanatwanga uani. Akaniona na kigae changu. "Loo! Mpishi wa wazungu anaomba moto kwa wajinga?" Wakacheka wote.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Mwanangu anataka uji."

Kicheko kikakatika. Mama Skola alichagua makaa makubwa kuliko yote, akayafunika kwa majivu. "Haya kimbia, upepo usikuzimie." Nikakimbia na utu uzima wangu wote, vidole vikaungua, sikukiachia kigae.

Benedikto ameanza shule mwaka huu. Namshukuru Mungu, dresa, Sista, mama mkwe na Mama Skola. Mimi pombe na mafuta sijavirudia, na tumbo halinisumbui. Mtu mzima akitaka kula majani, ale. Mtoto mdogo mpikieni, na akibadilika rangi ya nywele au akivimba miguu, mleteni hapa siku hiyo hiyo, msingoje ushahidi. Na ninyi akina baba wenye kelele kama zangu, mjue nyumba yenye hofu haiwaambii kitu.

Aliyechelewa kupona ni Klara, si mwili bali ile hofu yake kwangu. Jana nilimuuliza, "Umekula, mama?" Akanitazama kwanza usoni, akapima, kama anavyofanya mpaka leo. Ndipo akasema, "Bado, baba." Nikainuka, nikampakulia mwenyewe.