Mama Alilala Sakafuni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka huinamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa kijana, fundi wa vitanda pale mtaa wa Kambi Muru. Mama yangu aliishi mtaa wa Kawangware 46, akiuza mboga. Akaugua tumbo, akapasuliwa katika hospitali moja kubwa, na Mungu akamsaidia akapona. Daktari akamruhusu kurudi nyumbani. Lakini bili ilikuwa imetushinda, na hospitali ile haikumwachilia mtu kabla ya kulipa.

Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara zote mbili karani aliniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Kijana, mama yako unamlipia lini?" Watu wakageuka kunitazama. Mara ya tatu nilifika langoni nikarudi. Nikajiambia, mkono mtupu haulambwi, nitakwenda nikipata. Kisha nikazima simu, wiki mbili nzima. Ndiyo, niliizima, nikaendelea kuranda mbao kama mtu asiye na mama.

Aliyenifuata ni Mama Auma, muuza dagaa wa omena, jirani yake mama. Alikuja kwa miguu kutoka Kawangware, viatu vimejaa tope, akasimama mlangoni pa karakana bila kunisalimu.

"Wewe Wafula, mamako ako wapi?"

"Ako hosi, mathee. Si ndio natafuta pesa."

"Nani amekuuliza pesa? Mamako analala chini. Kitanda walipea mgonjwa mwingine. Kila mtu akiingia huko, mamako anamuuliza kama uko hai."

Nyuma yangu palikuwa na vitanda vitatu vipya, vikinuka vanishi. Mama Auma alivitazama kimoja kimoja, halafu akanitazama mimi. Heri angenipiga kofi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Twende hivyo tu uko."

Nikaenda na vumbi la mbao kichwani. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni, ameegemea ukuta. Hakutaja bili. Alinishika mkono akaniuliza, "Umekula?" Nililia mbele ya wodi nzima.

Ofisa wa ustawi wa jamii pale hospitali akatuita. Kumbe fomu ya mama ilikuwa mezani kwake siku zote hizo: sehemu ya bili isamehewe, iliyobaki tulipe polepole. Ilikosa tu mtu wa familia wa kumdhamini. Walikuwa wamenipigia simu mara nyingi. Basi zile wiki mbili za sakafuni, mwanangu, siwezi kumlaumu mwingine. Ni zangu.

Sasa nasikia baba yako, jirani yangu, ameruhusiwa na daktari tangu wiki jana lakini bado yuko hospitali kwa sababu ya bili, na simu yako haishiki. Sikucheki, nitakucheka kwa mdomo gani? Najua bili za siku hizi zinatisha. Lakini ukikosa pesa, peleka uso. Kaa kando yake. Uliza ofisi ya ustawi, ukifukuzwa uliza tena. Aibu ya kuulizwa unalipa lini huisha ukifika nyumbani. Ile ya mama kuuliza kama niko hai ninayo hadi leo, naye tulishamzika.

Mungu akufungulie mlango ule niliojifungia mimi, na baba yako alale kitandani kwake. Washa simu hiyo. Mimi koti nimeshavaa, tunaenda wote.