Tarumbeta la Wekesa

Mimi si mtu wa kuona mapepo. Naishi Kabiria, kanisani naenda, na maziwa yakichacha kwangu huwa nalaumu friji, silaumu jirani. Kwa hivyo haya nitakayokueleza usiyatie kwenye fungu la hadithi za kulaza watoto. Yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, na nilikuwa nimekunywa chai tu.

Ilikuwa miaka ile simu ya mkononi inaning'inizwa kwenye mshipi ili kila mtu aione. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vitu vya kale vya vita. Nilizunguka Dagoretti nikiulizia nyumba zilizokuwa na mzee aliyepigana Bama, kule Asia, katika ile vita ya pili ya Wazungu. Wengi wa wazee hao walikuwa wameshafariki na watoto wao walitamani tu kusafisha stoo. Nilipata chupa za maji za askari, medali zilizofungwa kwenye leso, kofia za chuma ambazo kuku walikuwa wakila mahindi humo. Vyote nilivipeleka Hurlingham kwa dalali mmoja anayeitwa Kimotho, aliyekuwa na ukumbi wa mnada.

Wiki moja tulikuwa na tarumbeta. La shaba, limebonyea upande mmoja, lakini ukilisugua linang'aa vizuri. Nilikuwa nimelipata kwa mjane mmoja, Mama Gathoni, pamoja na koti refu la kijeshi la marehemu mumewe, Sajini Mbugua. "Alirudi nayo Bama," mama huyo aliniambia, "lakini sijawahi kumsikia akiipuliza hata siku moja." Mimi sikuuliza zaidi. Kimotho alipoliona alifurahi sana, akaiweka picha yake juu kabisa kwenye tangazo la mnada.

Jioni ya kuamkia mnada mvua ilinyesha vibaya na stima zikapotea. Kimotho alikuwa ameenda zake. Nilibaki peke yangu ukumbini, na mshumaa, nikipanga vitu juu ya meza. Nilipogeuka nikaona mzee amesimama mbele ya zile kofia.

Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, amevaa koti refu na kubana fimbo kwapani. Nikadhani ni mnunuzi amekuja kuchungulia mapema.

"Habari ya jioni, mzee," nikasema.

Aliangalia viatu vyangu, macho yakapanda polepole mpaka kwenye kola.

"Shati," akasema.

Nikalichomeka. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Hata skauti sijawahi kuwa. Akaanza kupita kando ya meza akikagua, na kila kofia iliyokaa upande aliionyesha kwa fimbo, nami nikainyoosha. Tulimaliza meza nzima hivyo, na nitasema ukweli, nilianza kujisikia vizuri. Kisha akafika kwenye tarumbeta.

"Hii nani alikwambia ni ya kuuzwa?"

"Ni ya mnada wa kesho, mzee. Ukitaka unaweza kuijaribu."

"Siwezi. Sina pumzi."

Nikamwonea huruma. Nikamwambia hata mimi baridi hii hunibana kifua, nikammiminia chai ya chupa yangu. Hakuigusa.

"Hii si yangu," akasema. "Ni ya Wekesa."

Wekesa, akanieleza, alikuwa mpiga tarumbeta wao huko Bama, kijana wa pande za Bungoma. Aliwaamsha kabla ya alfajiri hata kama walikuwa wametembea usiku kucha. "Alikuwa kijana mzuri, lakini alikuwa anapuliza kama mtu anachukia watu." Ndipo mzee huyu akalificha tarumbeta ndani ya mzigo wake, walau kikosi kilale siku moja. Wakalala kweli. Walipoamka, Wekesa akaadhibiwa kwa kupoteza mali ya jeshi, na mwizi akaogopa kufungua mdomo. Vita vikaisha, akarudi nalo nyumbani.

"Na Wekesa yuko wapi siku hizi?" nikauliza.

"Tuko naye," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia mpangaji wa nyumba ya pili. "Kila asubuhi anakuja kuniuliza, Sajini, hujaona tarumbeta yangu? Kwa adabu kabisa. Afadhali angenipiga. Ana binti hapa Kawangware, anaitwa Nafula, anauza mandazi karibu na soko. Mpelekee."

Nilidhani wanaishi pamoja kwenye nyumba fulani ya wazee. Cheka tu. Ndipo nilipoinua mshumaa nikaona kiwiko cha koti lake. Kilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya mtu anayejifunza. Kiraka hicho nilikijua. Mama Gathoni alikuwa amenionyesha, akaniambia ndiyo mara yake ya kwanza kushona akiwa bibi arusi. Nikageuka kutazama nyuma yangu, koti la marehemu lilikuwa limetundikwa pale pale. Nikamgeukia mzee, na yeye bado alikuwa amelivaa.

Ningekimbia, niamini. Miguu ilikuwa tayari. Lakini akasema, "Simama," na nikasimama, visigino pamoja.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

Stima ziliporudi kulikuwa na kikombe cha chai tu, kimejaa na kimepoa. Soja wa getini aliniapia kwamba hakuna mtu aliyeingia, kisha akaniuliza kwa nini natembea kama niko gwaride.

Asubuhi nilimweleza Kimotho kila kitu.

"Kwa hivyo unataka tuipeleke kwa mama wa mandazi," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu marehemu amekutuma."

"Ndiyo."

Akanituma nikanawe uso.

Ukumbi ulijaa. Tarumbeta lilipofikiwa, Kimotho alilinyanyua juu kabisa na kuanza kulisifu. Mtu wa kwanza akainua mkono. Hapo hapo tarumbeta likalia. Hakukuwa na mdomo karibu nalo. Lilipiga wito wa kuamsha askari, mrefu, wenye hasira, kweli kama wa mtu anayechukia watu. Mzungu mmoja mzee wa mstari wa mbele alisimama akapiga saluti kabla hajajua mkono wake unafanya nini. Wengine walitoka kwa mlango, na waliokosa mlango wakatoka kwa dirisha.

Unadhani mnada uliishia hapo? Wakili mmoja wa Lavington alibaki ameketi, miguu imepishana. "Samahani," akauliza, "hufanya hivyo kila siku, ama ni leo tu?" Kisha akapandisha bei. Nami nikamwona Kimotho, Mungu amsamehe, akilifikiria jambo hilo.

Sikungoja. Nilipanda jukwaani, nikalichomoa tarumbeta mkononi mwake, nikaondoka nalo. Jumatatu yake alinipigia simu kuniambia nisirudi tena.

Nafula nilimpata Kawangware, mama wa makamo, unga mpaka viwikoni. Nikamwambia rafiki wa baba yake wa jeshini amenituma. Akapangusa mikono kwa aproni, akalipokea, akaligeuza, kisha akaketi juu ya kreti.

"Unajua mzee wetu alichapwa kwa sababu ya hii kitu?" akasema. "Mbele ya wenzake wote. Walisema ameuza. Mpaka uzeeni, tukienda kutembelea watu, lazima angeinama aangalie chini ya kitanda chao. Mama alikuwa anaona aibu sana. Sisi tulifikiri ni akili inaenda."

Akacheka, halafu nikaona hacheki tena. Mandazi yakaanza kuungua na hakuna aliyeyageuza.

"Huyo rafiki yake," akauliza baadaye, "bado yuko hai?"

Wewe ungejibu nini? Nikasema hapana, alishafariki, lakini bado anasumbuka.

Akawaza. "Asumbuke kidogo tu," akasema. "Halafu basi, imeisha."

Tangu siku hiyo sijawahi kulala mpaka jua litoke. Alfajiri najikuta nimesimama kando ya kitanda, visigino pamoja, shati la kulalia limechomekwa. Mke wangu alimleta pasta, tukaomba sana, haikusaidia. Sasa huniambia kwa kuwa nimeshasimama niweke chai. Biashara ya vitu vya vita niliacha. Nauza matangi ya maji, ya plastiki, mapya, ambayo hayajawahi kuwa ya mtu.

Na wewe ukiona kitu cha vita kwenye stoo ya watu, kabla hujauliza marehemu alipigana wapi, uliza alikipata kwa nani. Juzi juzi jamaa mmoja wa Dagoretti aliniita kwake anionyeshe kofia ya chuma ya babu yake. Nzuri sana, haina kutu. Nikaigeuza. Ndani kulikuwa na majina mawili, na moja lilikuwa limekwaruzwa kwa kisu. Nilimrudishia mkononi, nikaaga, na mkewe alikuwa bado anamimina chai.