Mistari ya Ufagio

Nilikuwa na miaka minane, mwezi wa tisa wa mwaka wa ukame, siku baba alipotoka nyumbani kumfuata simbamangu, kabla jogoo wa pili hajawika. Alikwenda na mbwa wawili na jirani yetu, Mzee Chilewa.

Kwetu ni upande wa Dodoma. Simbamangu ni paka wa porini, rangi yake ni ya udongo wetu, na masikioni ana vishungi vyeusi. Si mkubwa kuliko mbwa. Lakini mara mbili ndani ya juma moja aliingia zizini, akaua mbuzi saba na kula mmoja. Tukabaki na watano. Mwaka ule hatukuvuna kitu, na mdogo wangu Neema, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, aliishi kwa maziwa ya mbuzi hao. Kwa hiyo baba hakwenda kuwinda kwa kupenda.

Ardhi kavu haishiki nyayo. Harufu nayo hukaa muda mfupi tu, wakati umande haujaondoka.

"Jua likipanda, pua ya mbwa ni sawa na yangu," baba alisema akifunga kidumu cha maji kiunoni.

"Tukitegemea yako tutarudi na kuku wa mtu," alijibu Mzee Chilewa.

Mbwa waliitwa Wataisema na Hayawahusu. Kila baba alipowaita, mama mmoja wa nyumba ya pili alidhani anasemwa yeye. Alikuwa sahihi.

Kwetu mbwa wakiwa kwenye harufu, nyumbani hapafagiwi. Wazee walisema ufagio wa nyumbani hufuta njia ya mnyama huko porini, na ukiendelea hufuta njia ya mwindaji kurudi. Mama alinikumbusha kabla ya kwenda kuchimba maji mtoni.

"Usiguse ufagio mpaka baba yako arudi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia kweli. Ila uwanjani damu ya mbuzi ilikuwa imeganda, na kichwa cha mbuzi mdogo kilikuwa kimesahaulika karibu na mlango wa zizi. Neema alikiendea mara tatu, na mara tatu nilimrudisha akilia, nzi wamemjaa usoni. Mara ya nne nikachukua ufagio. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Mbwa walikuwa wakibweka mlimani, sauti ikija vizuri. Nilianzia mlangoni. Nilipofika zizini, sikuwasikia tena. Nilisimama na ufagio mkononi, nikasubiri. Jua lilikuwa limeshatoka.

Mama alirudi na ndoo kichwani, nusu imejaa. Ufagio wa vijiti huacha mistari kwenye vumbi, kama ya daftari. Aliitazama mistari, akanitazama mimi, akatua ndoo. Alianza kutembea juu ya ile mistari akiburuza miguu, kwenda na kurudi, mpaka uwanja wote ukawa nyayo zake tupu.

Mchana Mzee Chilewa alirudi na Hayawahusu peke yake. Alisema mbwa walipoteza harufu kwenye mawe, baba akazunguka jabali upande wa pili na Wataisema, wakakubaliana kukutana chini.

"Nilidhani amenitangulia," alisema. "Hajafika?"

Hakuwa amefika. Wanaume walimtafuta mchana ule na siku ya pili yote. Waliita mpaka sauti zikakauka. Mama hakulala wala hakula; alikaa mlangoni akitazama mlima, na Neema akinyonya titi lisilo na kitu.

Jioni ya siku ya pili alikuja shangazi, dada yake baba. Alipita nyuma ya nyumba, akaona lundo la taka, udongo wenye damu na kile kichwa cha mbuzi. Akarudi uwanjani.

"Nani kafagia?"

Mama alimvuta Neema kifuani.

"Nauliza nani kafagia, na mwenye nyumba yuko porini?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Mimi, wifi. Nilisahau."

"Ulisahau. Haya. Na yeye huko kasahau njia."

Asubuhi ya tatu walimkuta chini ya jabali. Alikuwa ameanguka. Wataisema alikuwa amelala kando yake na hakutaka mtu amguse. Kidumu chake kilikuwa bado kimejaa maji mpaka shingoni; hakuwa amenywa hata mara moja. Juma lililofuata simbamangu alirudi, akaua mbuzi wawili.

Shangazi hakumsalimu mama kwa miaka mingi. Kisimani wanawake walimwita Mama Ufagio, kwanza kwa kunong'ona, baadaye bila kunong'ona. Aliitika.

Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wawindaji. Wote wanasema jambo moja: kwenye ardhi kavu harufu hufa jua likipanda, na mbwa hunyamaza. Ufagio haukuhusika. Naliamini hilo. Lakini sijawahi kumuuliza mama anaamini nini, kwa sababu nikiuliza, itabidi anieleze kwa nini alisema ni yeye.

Sasa nafanya biashara China: nanunua jinzi Xintang na kulala chumba cha kupanga karibu na stesheni ya Guangzhou. Kila nikisafiri, mama hafagii uwanja mpaka nipige simu kwamba nimefika. Safari hii simu yangu iligoma. Programu tunayotumia nyumbani haifunguki hapa bila ujanja wa kukwepa vizuizi vya mtandao, na ujanja wangu ulikufa nikiwa angani. Siku ya tatu, kwenye soko la nguo la Shahe, mfanyabiashara mwenzangu wa Singida alinipa simu yake.

"Piga, dada. Ila usiwasalimie kijiji kizima."

Neema alipokea. "Dada, uko wapi wewe? Uwanja umekuwa jalala. Jana nilishika ufagio, mama akaninyang'anya. Hajala tangu juzi."

Akampa simu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama. Simu ndiyo iligoma."

"Wewe mwenyewe umefika?"

"Mimi mwenyewe."

Aliiweka simu kwenye benchi bila kuikata. Nilisikia hatua zake, kisha ufagio, ukianzia upande wa zizi.