Mstari wa Mama Mhrusso

Shida zilinianza mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi. Baba aliuawa, shule ikaishia darasa la pili, nikaanza kusuka nywele sokoni tupate unga. Kwa hiyo kazi hii asinifundishe mtu.

Miaka ya elfu mbili nilikuwa tayari na saluni yangu huku ughaibuni, mji wa DeSoto. Jumamosi moja asubuhi akaingia msichana wa Carrollton, mji wa jirani, anaolewa siku hiyohiyo, anamvuta mama yake kama mbuzi. Mama ni Mhrusso, watu wa milimani huko kaskazini-mashariki mwa India. Usoni kachorwa mstari mweusi usiofutika, toka kwenye paji mpaka kidevuni.

“Auntie, upake poda huo mstari, usionekane kabisa.”

Nikamwuliza mama mwenyewe, kwa Kiingereza chetu cha kuvunjikavunjika, nani alimchora.

“Bibi wa kijijini. Nikiwa mdogo. Nililia, halafu nikaringa.”

Akanieleza nyumba zao: ndefu, juu ya nguzo, nguruwe wanalala chini. Naye aliolewa kwa mahari ya mithun, ng’ombe wakubwa wa msituni.

“Hata kwetu ni ng’ombe,” nikamwambia.

“Wako walikuwa wangapi?”

“Usiniulize, mama. Mume wangu alikuwa bahili.”

Tukacheka. Binti akaruka: “Mama, acha hayo mambo ya ng’ombe! Wakwe watasema tumetoka porini.”

Hapo damu ikanichemka. Mama yangu alikufa na chale zake mashavuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia azifiche.

“Sipaki,” nikasema.

“Nakulipa!”

“Nenda kalipie ukuta upakwe rangi.”

Akamgeukia mama yake: basi twende saluni nyingine. Mama hakuinuka kwenye kiti.

“Nikificha uso huu,” akasema taratibu, “leo utaozwa na nani?”

Binti akaondoka peke yake, mlango ukalia paa! Nikafunga saluni, Jumamosi, siku ya wateja, nikampeleka mama kanisani kwa gari langu. Mhudumu akatuonyesha benchi la nyuma. Nikampita, nikamkalisha mama mbele kabisa. Bibi harusi akapita pale bila kumtazama aliyemzaa. Mpaka leo sijamsamehe.

Na mimi, yule wa kusukia unga sokoni, saluni ningali nayo. Nina nyumba ya matofali, kiwanja Mansfield, magari mawili, bustani ya lengalenga na majani ya muhogo, na vitenge sanduku zima.