Harufu mu Kiti ya Nyuma

Pua yangu ilikufa mbele yangu. Nilitumika miaka mingi ku fulu ya kampani, fasi ile shaba inayeyuka na moshi inakukamata ku koo sawa polisi. Mwisho wake, hata bibi, muke wangu, akiunguza bukari ya unga nyuma ya mugongo wangu, sisikie kitu. Nasema hii mbele, sababu kama pua yangu ingekuwa muzima, pengine mambo haingeenda vile ilienda.

Nilikuwa na motokari. Ilikuwa ya zamani hata siku ile niliipata kwa muzungu mumoja wa atelie mwenye alikuwa anarudia kwao. Mugongo murefu, milango tano, na viti ya kujazwa manyoya ya farasi, hapana sifongo sawa ya leo. Mi muzee sasa, bongo, kusema uongo, haina kazi kwangu tena: ile motokari niliipenda kupita vile muntu anapashwa kupenda chuma. Kila muntu alipangusa miguu mbele ya kuingia. Bibi yangu, muntu wa Kasai mwenye kusoma kunipita, alinichekelea mbele ya bantu, akiniita vile serikali ya wakati ile ilitaka tuitane:

«Sitoyen, na mi nitoshe viatu, sawa ku musikiti?»

Nilijibu, «Tosha.» Alifikiri nacheka. Nilikuwa sicheke.

Basi, habari ikafika kama Yaya, mukubwa wangu wa tumbo moja, anagonjwa kule Lukafu, hawezi tena kumeza. Nikaenda kumutwaa, nimulete ku hospitali ya muji. Asubui ya kutoka, mulamu wangu, muke wa Yaya, akatokea na kibuyu ya munkoyo, ameiziba na kigunzi ya muhindi. Munkoyo ni kinywaji yetu ya mahindi na mizizi ya pori. Siku ya kwanza iko tamu, ya pili inaanza kuchacha, kisha inapanda yenyewe na kusukuma kile kizibo.

«Hapana!» nikasema, bantu yote bako pale. «Mu motokari yangu kintu ya mayi-mayi haiingie! Ku hospitali banapatiaka bagonjwa chakula.»

«Mulamu, njo kintu moja tu anaweza kumeza.»

«Nimesema.»

Akarudia mu nyumba na kibuyu yake. Kisha akatoka mikono mitupu, amejifunga vitenge mbili. Nilifikiri ni baridi. Akaingia nyuma, akaweka kichwa ya Yaya ku mapaja yake, tukaenda.

Ile barabara ilikuwa mashimo, na vumbi inaingia hata mu meno. Fasi moja kuna kichuguu kubwa, nyekundu, muti umeota juu yake. Pale Yaya akasema, «Mudogo, mayi kiloko.»

Nilikuwa na mayi mu bido nyuma kabisa, ya radiatere. Lakini moteri ilikuwa moto. Ile moteri ukiizima na moto yake, haiwake tena mpaka ipoe, na pengine batu basukume. Nikajibu, «Vumilia, Yaya, tunafika.» Tulikuwa hatujafika hata nusu. Akalomba tena. Mara ya tatu hakusema kitu, aliniangalia tu mu kioo. Nikageuza kioo kiloko.

Siku ya tatu ku hospitali, Yaya akakufa.

Tulimuzika huku Lubumbashi. Mulamu akabaki kwetu, amekaa ku mukeka sawa desturi, akingojea wakati wa kurudia Lukafu kumaliza kilio. Mi njo nilikuwa wa kumupeleka, na motokari ni ile.

Mvua ikaanza. Siku moja bibi akafungua mulango wa nyuma, akaruka.

«Yesu! Nini inaoza humu?»

Nikaingiza kichwa. Sikusikia kitu, uchungu tu kiloko mu macho. Jirani wakaja kunusa kwa niaba yangu. Mumoja akashika pua, akaondoka. Mwingine, muzee mwenye kujua kila kitu, akasema: «Hii ni harufu ya mufu. Kifo ilimuingia mukubwa wako mu njia, hapa ku kiti. Kilio haijaisha, na yeye hajatoka.» Na wote, kwa kuwa balijua nani alilala pale, bakasikia mufu. Pua inanusa kile sikio imesikia.

Nilipashwa kufanya nini? Nilikuwa na haya moja kubwa: siku ya safari mulamu atakaa juu ya ile kiti na kunusa bwana yake anaoza. Nikasugua na sabuni na majivu. Nikaacha milango wazi ku jua siku nzima. Nikaweka beseni ya makala ya kupikia chini ya kiti, sababu banasema makala inakunywa harufu. Nikamwanga kahawa, nikasugua ndimu, vinegre, mwisho hata petroli. Kila asubui namuita bibi: «Kuja unuse.» Ananusa, anatikisa kichwa. «Sasa inanuka mufu mwenye kukunywa kahawa.» Alijaribu kunichekesha, masikini. Sikucheka.

Jirani yetu mwingine alikuwa fundi wa kushona viti, Muislamu, baba yake alitoka Maniema. Alinipa ubani nikachoma mule ndani, milango imefungwa. Lakini aliniambia: «Mukubwa, harufu haifukuzwe na harufu. Acha nifungue kiti, tuone inatoka wapi.»

Nilikataa. Nilimuambia kintu ya mufu haipasuliwe mbele ya kumaliza kilio. Ilikuwa bongo. Niliogopa tu kile tutakuta ndani. Nikaweka blanketi juu, na juu ya blanketi mukeka.

Asubui ya safari ikafika. Mulamu akatoka polepole, bamemushika mikono. Toka siku ya hospitali hakukaribia motokari. Nilisimama ku mulango nikiangalia chini.

«Mulamu, unisamehe. Nimesugua, nimechoma ubani. Yaya hataki kutoka.»

Akainama, akaingiza kichwa. Akakaa vile murefu. Kisha akatosha mukeka, akatosha blanketi, akaweka pua juu ya kiti yenyewe.

«Hapana yeye,» akasema. Kisha kwa sauti, jirani yote basikie: «Hapana yeye! Bwana yangu hanuke! Hii ni munkoyo yangu!»

Akakaa chini pale mu matope, akasema yote. Aliingiza kibuyu chini ya kitenge, akailaza nyuma ya miguu yake, mu pembe ya kiti. Wakati Yaya alilomba mayi, alikuwa nayo pale. «Niliogopa, mulamu. Nilisema ukiona, utatuacha mu barabara. Nikasema nitamupa tukifika. Kufika, kizibo imetoka, yote imemwangika mu kiti, nikashuka na kibuyu tupu.» Na kwetu, wiki zile zote ku mukeka, alisikia batu nyuma ya ukuta wanasema bwana yake ananuka, na yeye akaamini.

Nilimuita fundi mwenyewe. Akakata uzi bila kusema «nilikuambia». Manyoya ilikuwa imeshikamana, kijivu, imeota ukungu, na mu katikati ya resori, zile chuma za kiti, kigunzi ile ya kizibo. Alitosha yote, tukachoma kando ya choo. Akaweka mbao na mukeka ya kukalia. Saa ile ile bibi akanusa, akasema, «Imeisha.» Wiki nyingi za kahawa na petroli, na kazi yenyewe ilikuwa ya wembe.

Mulamu alikuwa ametengeneza munkoyo ya kilio. Safari ile bibi naye alikuja, na nilibeba kibuyu mi mwenyewe, nikaiweka mbele, karibu na mi.

Kufika ku kile kichuguu, moteri ilikuwa moto. Nikaizima.

Mulamu akashuka, akamwanga kiloko chini ya kichuguu, kisha akanipa kibuyu. Ilikuwa ya siku moja, tamu. Nikakunywa, nyingine ikamwangika ku kiti ya mbele, sikuipangusa.

Tulingoja murefu pale. Mwisho bibi na mulamu bakasukuma, na matope ku viatu bakaingia nayo vile.